Rais Aliyekata Mkorosho

Enzi zetu, jamani, somo la historia halikuhitaji umeme wala skrini. Lilihitaji kipande cha chaki na Mwalimu Mkwanda. Kijijini kwetu kwa Wamwera, njia ya kupandia milima ya Rondo, tulikuwa darasa la tano, tumekalia magogo, mashati yana madoa ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa.

Siku hiyo alituchorea ubaoni rais wa kwanza wa Marekani. Nywele ndefu, nyeupe pe. Tukauliza kama ni uzee. Akasema la, wakubwa wa zamani zile walikuwa wakizipaka unga. Darasa zima likaguna. Sisi majumbani tunakung'uta magunia, mwenzetu anajimwagia unga kichwani! Pale pale tukamtoa maanani.

Mwalimu akaona tunamponyoka, akatusimulia kwamba rais huyo utotoni alikata mti wa baba yake kwa shoka. Alipoulizwa akakiri, na baba akamkumbatia kwa kusema kweli. Mti wenyewe ulikuwa wa tunda ambalo hakuna aliyewahi kulionja kwetu, basi Mwalimu akaturahisishia: akasema ulikuwa mkorosho. Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu ukikata mkorosho wa mtu unaitiwa wazee, ukoo mzima unakaa kikao. Leo mtoto kaukata kisha kakumbatiwa? Nikapiga hesabu zangu kimya kimya.

Maana nilikuwa na langu. Kwetu mtoto akipita shambani kwa mtu ana ruhusa ya kula bibo hadi ashibe, ila korosho anaiacha shinani kwa ajili ya mwenye mti. Mimi, shambani kwa jirani yetu Bi Fatu, bibo nilikula na korosho nikatia mfukoni, siku nenda siku rudi, nikawa nazichoma nyuma ya choo. Bi Fatu alipokuta shina tupu alimshuku shoga yangu Somoe, kwa kuwa ndiye aliyekatiza pale kila asubuhi. Akampiga marufuku kukanyaga shamba lake. Somoe akawa anazunguka njia ya bondeni, anafika shule miguu imejaa tope, anachapwa kwa kuchelewa, na watoto wanamwita mwizi. Na mimi namtazama tu, naona haya.

Basi jioni ile nikajipa moyo. Kama aliyeangusha mti mzima alikumbatiwa, mimi wa korosho chache huenda nikanunuliwa hata soda. Nikasimama mbele ya baba, nikasema yote, nikafumba macho kungoja kukumbatiwa. Baba aliniuliza kwa upole nani kanifunza ujasiri huo. Nikamweleza habari za rais. Akatafakari kidogo, kisha akaenda kuchuma fimbo ya mpera.

"Huyo baba yake alikuwa Mmarekani," akasema. "Mimi Mmwera."

Nilichapika. Kisha akanishika mkono hadi kwa Bi Fatu nikaombe radhi, na sote watatu tukaenda kwa kina Somoe kuondoa ile marufuku mbele ya wazazi wake. Nikakiri tena, pua inachuruzika. Somoe hakushtuka hata kidogo. Wakubwa walipoanza kupeana mikono, akaninong'oneza: "Mbona nilikuona tangu siku ya kwanza. Sikusema, maana kwenu wanachapa sana."

Nililia kuliko nilivyolia kwa fimbo.

Siku hizi nami nashika chaki, Lindi mjini. Juzi niliwasimulia wanafunzi wangu kisa cha rais, kwa madoido yote. Kesho yake kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, ile stori ni fiksi. Nimeicheki kwenye simu ya maza." Nikaenda kuhakikisha. Kweli, wajuzi wanasema kilitungwa tu baada ya rais kufa. Nikampigia Somoe, ambaye ana duka lake mtaa wa Mtanda, nikamweleza. Akauliza kama ninataka kumwambia kwamba alikanyaga tope mwezi mzima, halafu aliyemtoa topeni ni Mmarekani ambaye hata shoka hakushika. Tulicheka mpaka salio likakata.

Watoto wa leo hawadanganyiki, na nawapenda kwa hilo. Lakini nikiwatazama darasani, kila mmoja na ushahidi wake, huwa najiuliza ni yupi kati yao angezunguka njia ya bondeni mwezi mzima, kimya, ili mwenzake asichapwe.