Vitufe vya Ato Sileshi

Asnakech aliamka vizuri siku ile, hasira ilimkuta kazini. Ilikuwa juu ya meza ya bosi: simu mpya nyeusi, pana kama sinia, yenye vitufe vingi ubavuni na kikaratasi cha kuandikia majina chini ya plastiki. Ato Sileshi, meneja mpya wa kampuni ile ya malori kule Kaliti, pembeni mwa Addis, alimpisha kwenye kiti chake ili amwekee namba, kisha akasimama nyuma yake na kikombe cha kahawa kama msimamizi wa vibarua.

"Cha kwanza gereji," alisema. "Cha pili Djibouti, bandarini. Cha tatu forodha. Kuanzia hapo chini niwekee nyumbani kwa madereva, kila mmoja na kitufe chake."

Asnakech alikuwa opereta wa simu wa kampuni tangu usichana wake, na kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unabonyeza cha kuanzia, unachagua kitufe, unaingiza namba, unashikilia mpaka simu ilie. Gereji ikaingia, Djibouti ikaingia. Alipofika kwa madereva, mkono ukasita.

"Nyumbani kwao pa nini, Ato Sileshi? Ukiwataka si unaniambia mimi, natafuta?"

"Dharura, Etiye," alisema, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa. "Lori likipinduka nianze kuzunguka kukutafuta wewe? Nabonyeza, naongea na mkewe, dakika moja yamekwisha."

"Na dereva akiwa amekufa?"

"Hata hapo. Mtu ana haki ya kujua mapema."

Asnakech akageuza kiti kizima amtazame. "Hivi wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa Addis. Gulele."

"Ungesema Ulaya ningekusamehe."

Meneja akacheka, meno yote nje. "Dunia inakwenda, Etiye. Andika majina, namba unazo."

Haki ya kujua mapema. Asnakech aliyarudia maneno hayo moyoni na kila aliporudia yalizidi kunuka. Huyu mtu alikuwa na mama, alikuwa na shangazi, alikwenda misibani kama watu wengine na akakaa kwenye hema akila dengu za matanga. Hakuwahi kuona jinsi habari inavyoletwa? Inafichwa. Wanaoijua wanakaa nayo usiku kucha na kuulizana nani atangulie. Alfajiri wanakuja wazee, wanakuja ndugu, wanakuja wanawake wenye mikono ya kumdaka mtu, na hapo ndipo jina la marehemu linatajwa. Asnakech mwenyewe aliwahi kupokea habari za vifo kwenye simu ile ya zamani, na mke wa marehemu akapiga mchana uleule kuuliza kama mume amefika Mille, naye akamjibu kwa sauti kavu, "Bado yuko njiani, dada." Kisha akaenda chooni akatapika. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote hiyo, na hakuna aliyemlipa kwa ajili yake wala yeye hakudai.

Sasa huyu wa Gulele alitaka kumwambia mwanamke aliye peke yake jikoni, mkono mmoja unga, mkono mwingine simu.

Basi Asnakech akafanya uhuni. Kila kitufe cha dereva alikiwekea namba ya meza yake mwenyewe. Majina akayaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, Mulugeta, Abdi, Kifle, Robel, na chini ya majina yote hayo simu ilikuwa moja, ile iliyo mbele yake, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Abonyeze atakavyo. Atakayeitika ni Asnakech, na Asnakech atajua la kufanya.

Robel alikuwa mwanawe. Kwenye orodha ya madereva alikuwa Robel Getachew, jina lake na la baba yake, kama kila mtu anavyoitwa, na hakuna kitu katika jina hilo cha kumwonyesha mgeni kwamba mama yake amekaa pale mlangoni. Watu wa zamani wa ofisi walijua. Meneja hakuwahi kuuliza, na Asnakech hakutaka isemwe mtoto wake anabebwa.

Ikaja Ijumaa moja, siku ya mfungo, harufu ya mchuzi wa shiro imeanza kutoka kwa mama lishe wa getini. Zamani kila simu ya kampuni ilipita mikononi mwa Asnakech, lakini mitambo mipya ilikuwa imempa meneja laini yake mwenyewe, kwa hiyo polisi wa Awash walipopiga, walimpata yeye moja kwa moja. Asnakech alisikia tu mlango wa bosi ukifungwa. Halafu simu ya mezani kwake ikalia.

"Halo."

"Halo, hapo ni nyumbani kwa Robel Getachew?"

Aliijua sauti, na hasira ndiyo iliyotangulia: ameanza, mshenzi huyu, ameanza kubonyeza. Kisha jina likamfikia.

"Ndiyo," alisema, maana ilikuwa kweli, nyumbani kwa Robel ni kwa mama yake.

"Mimi meneja wake. Mama, jikaze. Lori limeanguka Awash asubuhi hii, Robel amefariki papo hapo. Mwili unaletwa. Kampuni inakupa pole sana."

"Nimesikia, Ato Sileshi."

Sauti ilimfikia meneja kwenye mkonga wa simu, na ilimfikia pia kupitia ukuta wa mbao. Mlango ukafunguka kidogo. Alimwona opereta wake ameshika mkonga sikioni. Halafu akaurudisha mlango. Ndiyo, aliurudisha mlango, mwanamume mzima na tai yake, akamwacha mama na simu inayolia tuu, tuu. Asnakech alimchukia kwa ule mlango kuliko kwa yale maneno. Akajichukia na yeye pia, kwa kuwa kile kitufe alikiweka kwa kidole chake.

Haikupita muda Gashe Lemma akaingia. Huyu alikuwa mzee wa stoo na mkuu wa chama cha mazishi cha wafanyakazi, na habari alikuwa amepewa na dereva aliyepita pale Awash. Hakujua kwamba Asnakech anajua. Alitazama dirishani alipokuwa akisema naye.

"Mwanangu, leo umechoka. Nenda nyumbani, simu nitakaa nazo mimi."

Aliongopa vizuri. Asnakech aliyekuwa ameongopa hivyo mara nyingi alijua ule uongo unamgharimu nini mzee wa watu. Angeweza kupiga kelele palepale. Lakini Robel angelililiwa pale, kati ya kabati la mafaili na mashine ya chai, na Asnakech alitaka mtoto wake aliliwe kama mtoto wa watu.

"Kweli, Gashe. Kichwa kinaniuma."

Alichukua shuka lake jeupe la mabegani, akajifunga, akatoka. Alikaa na habari ile peke yake mpaka kukapambazuka.

Walikuja alfajiri, kama inavyopasa. Dada yake alikuwa ameletwa kutoka Debre Zeyit. Majirani walijaza ua. Gashe Lemma alisimama mbele, na nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, alikuwa Ato Sileshi mwenye tai nyeusi. Asnakech aliwafungulia akiwa amevaa tayari.

"Asnakech, mwanangu," alianza mzee, "sisi binadamu..."

"Ngoja, Gashe. Mwacheni yule wa nyuma aseme."

Watu wakageuka.

"Jana aliniambia kwenye simu. Dakika moja akawa amemaliza. Leo aje anitazame, aniambie tena."

Wakampisha. Alikuja taratibu, mikono haina pa kwenda. Alisimama mbele yake, akasema "Robel," na neno la pili halikutoka. Asnakech alimngoja. Ua mzima ulimngoja.

"Huwezi," alisema Asnakech. "Na hapa tumejaa, watu wa kukushika wapo. Mimi jana nilikuwa peke yangu."

Kisha akajiachia, dada yake akamdaka, na ndipo alipomlilia mwanawe.