Mayai ya Paa

Nilikuwa na kuku mmoja tu anayetaga vizuri, na huyo alikuwa wa Mungu. Siku ya harambee ya paa la kanisa, nikiwa nimejaa Roho na majivuno kidogo, nilisimama nikasema mayai yake yote ni ya Bwana mpaka paa liishe. Paa lenyewe lilianza nikiwa bado na meno yote.

Kwa hivyo kila Jumapili nilifunga mayai yangu kwa leso nikayapeleka madhabahuni. Baada ya ibada vitu vya sadaka vinapigwa mnada hapo nje, viazi, sukuma wiki, maziwa, na mayai yangu kila mara yalichukuliwa na jamaa anayeuza mayai ya kuchemsha karibu na geti ya chuo huku Njoro. Anayapasua, anatia kachumbari, wanafunzi wanakula. Mungu mwenyewe sijasikia ameonja hata moja.

Alhamisi tulikuwa na kikundi cha akina mama. Tulipanda mboga za managu na terere ndani ya magunia ya udongo, tukapika uji wa wimbi, tukapima watoto kwa ule utepe wa kuzungusha mkononi, wenye mshale wa kuonyesha rangi: kijani yuko sawa, manjano chakula hakitoshi, nyekundu kimbia hospitali. Mwalimu ni mimi. Kusoma nilijifunza ukubwani, masomo ya jioni, na mtu akijua kusoma akiwa mkubwa hanyamazi. Nilishika kijitabu cha lishe nikawahubiria: mtoto apewe yai, yai, yai.

Alhamisi moja jirani yangu, ambaye ana mdomo kutushinda wote, akasema tupime pia mtoto wa mwalimu. Nikamtoa kitinda mimba wangu mgongoni, miaka miwili, bila wasiwasi. Jirani akazungusha utepe. Manjano.

Hakuna mtu alicheka. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Jirani akapima tena pole pole, kama anamtafutia rangi ingine. Manjano. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani huyu anakula nini?"

Ugali na sukuma, nikasema. Asubuhi chai ya rangi.

Nikaenda kwa pasta kuomba anifungue ile nadhiri. Akanisomea Maandiko sehemu tatu, zote za watu waliorudi nyuma, na hakuna hata mmoja aliishia vizuri. Bibi yake akaniletea chai na mayai ya kukaanga. Nikala. Sikuwa na nguvu ya kukataa.

Kesho yake asubuhi niliokota yai likiwa bado na joto, nikamwambia Mungu wazi: wewe huna tumbo, huyu mtoto analo. Ukikasirika, kasirikia mimi, yeye mwache ashibe. Nikangoja kama kutakuwa na radi. Kuku ndiye alijibu, akitaka mahindi.

Jumapili nikapeleka jogoo badala ya mayai, miguu imefungwa. Akawika katikati ya maombi ya kufunga ibada, na nilijua watu wote wanahesabu kama itafika tatu, hesabu ya yule aliyemkana Bwana. Aliwika mbili. Pasta akaniuliza mbele ya kanisa zima, "Mama, na mayai?"

"Yako ndani ya mtoto, pasta."

"Na paa?"

"Paa lingoje. Mtoto hawezi."

Jirani akasema amina kabla pasta hajafungua mdomo tena, na kwetu amina ikishatoka hairudishwi. Jogoo alinunuliwa na yule jamaa wa mayai, kwa hasira.

Tangu siku hiyo wangu anapimwa wa kwanza, kabla nifungue kijitabu, na utepe anashika jirani. Alhamisi ya kwanza, manjano. Ya pili, manjano. Ya tatu nikaanza kufikiria pengine Mungu amekasirika kweli. Sikurudisha mayai. Halafu Alhamisi moja mshale ukaingia upande wa kijani kidogo tu, upana wa ukucha. Jirani aliuinua ule mkono mdogo akaniletea karibu na macho.

Nikasoma rangi kwa sauti, vile nilifundishwa jioni zile: pole pole, kidole kikiwa juu yake.