Nani Alikuwa Anaua Begonia za Mama?

Kuna mtu alikuwa anaingia nyumbani kwetu na kuua maua ya mama yangu.

Haibi kitu. Havunji kufuli. Anaua maua, basi, anaondoka zake.

Mama alipotuambia hivyo mara ya kwanza, mimi na mke wangu tulicheka. Baadaye hakuna aliyecheka tena, maana mama alishamtaja mtu mwenyewe.

Alimtaja mke wangu.

Ngoja niwaweke sawa kwanza. Mimi ni fundi friji. Mke wangu ni msusi, saluni yake iko mtaa wa pili. Mama alihamia kwetu alipostaafu ualimu, akaja na begi moja la nguo na maboksi kibao ya maua.

Begonia, violeti, okidi. Akazipanga zote kwenye dirisha la sebuleni. Sebule yangu iliyokuwa kama stoo ya vyuma chakavu ikawa mahali ambapo mgeni akikaa hataki kuondoka.

Na kwenye maua, mama haoni mzaha. Jani likipata doa, linakatwa. Chungu kikionyesha ukungu mweupe, kinatengwa pembeni kama mgonjwa wa wadi, hakikaribii wenzake mpaka kipone.

Kwenye maji ndiyo usiseme.

"Ingiza kidole kwenye udongo," aliniambia. "Kikitoka na unyevu, acha. Maua ya ndani mengi hayafi kwa kiu, baba. Yanafia majini."

Kwa hiyo begonia ya kwanza ilipolegea shina, tulishangaa. Mama akaing'oa. Mizizi myeusi, inateleza, inanuka kama tambara lililosahaulika kwenye ndoo.

Akakata iliyooza, akaweka udongo mpya, akatoboa chungu matundu mengine chini.

Ikafa.

Ikafuata ya pili. Violeti nazo zikaanza kuoza kwenye vikonyo.

Nikaenda kwa mama mmoja mwenye kitalu cha maua, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Maji yamezidi," akasema.

"Mama yangu hawezi kuzidisha maji."

"Basi kuna mtu mwingine anayeyamwagilia."

Nikalibeba neno hilo hadi nyumbani, nikalitua mbele ya mama kama lilivyo. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Si nilisema? Mkeo ndiye anayerudi mchana. Anamwaga humo maji yenye dawa zake za nywele."

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anavua viatu mlangoni.

"Mama, mimi?"

"Kwani nani mwingine?"

Kuanzia hapo nyumba ikawa barafu. Mke wangu akaacha kurudi mchana, akawa anakula hukohuko saluni. Maua yakaendelea kufa. Mama akasema sasa anakuja kwa kuvizia.

"Sikuombi uchague kati yetu," mke wangu aliniambia chumbani. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Unaniamini?"

Nikisema namwamini, nimemwita mama mwongo. Na mama yangu, jamani, hajawahi kunidanganya.

Mke wangu akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo. Anaenda kwa dada yake.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaondoka jumla, alienda kwanza kufungua saluni. Mimi kiuno kilikuwa kimekamatwa kwa kuinua friji la mteja. Nikajilaza kwenye kochi la sebuleni, sigeuki kulia wala kushoto.

Mama akaja na kopo la maji.

"Leo hujaenda kazini, baba?"

"Kiuno, mama."

"Pole." Akageukia dirishani. "Maskini, haya leo sijayagusa kabisa."

Akamwagilia, taratibu, chungu kwa chungu. Akarudi jikoni.

Sikuwa nimemaliza hata chai yangu, akatokea tena na kopo.

"Leo hujaenda kazini, baba?"

Nikadhani ananitania. Nikamtazama usoni. Hakuwa na utani.

"Maskini, haya leo sijayagusa kabisa."

Akamwagilia tena. Akaenda. Akarudi. Kila mara swali lilelile, sauti ileile, upendo uleule. Mimi nimelala pale kama gogo, nakodoa macho.

Mwishowe visahani vya chini ya vyungu vikafurika, maji yakachuruzika ukutani. Mama akayaona. Akachukua kitambaa, akayafuta kwa hasira, akanigeukia.

"Umeona? Kaingia tena."



"Mama," nikasema, "ni wewe."

Akaangalia kopo mkononi mwake. Akaangalia maua. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa, lakini siku hiyo nilimwona.

"Mimi?" akasema. "Mimi, baba?"

Baada ya muda mfupi alishasahau kwamba nimemwambia.

Nilimweleza mke wangu, tukampeleka mama hospitali. Daktari alimuuliza mambo mengi, akampima, kisha akatuita pembeni. Ugonjwa wa kusahau. Dawa zipo za kuupunguzia kasi, za kuuondoa hakuna.

Nilitegemea mke wangu aseme, mmeona sasa? Ana haki. Hakusema. Alikaa kwenye ngazi za hospitali, akajifunika uso kwa mtandio.

"Bora angekuwa ananichukia tu," akasema.

Nguo alizirudisha kabatini.

Tulificha kopo, mama akatumia kikombe. Tulinunua maua ya plastiki, akayagusa mara moja tu, akaniuliza kama namfanya mtoto. Sasa tunanunua begonia mpya, inapendeza kidogo, inaoza, tunanunua nyingine.

Mama bado anajua nani kaiua. Jana alimfokea tena mke wangu.

"Nisamehe, mama," mke wangu akajibu. "Sitarudia."

"Ni mara ya mwisho," mama akasema, akampa mkono.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vitu. Nilisimama pale, mikono mitupu.

Wewe unayesoma, kama mzazi wako ameanza kuwashuku watu wa nyumbani kwa mambo yasiyoeleweka, usikimbilie kuamua nani mkweli. Mpeleke kwanza akaonwe na daktari. Huenda hakuna mwongo hata mmoja humo ndani.