Betri Yenye Uzi Mwekundu

Mshonaji hakuwa mtu wa makuu. Ukiacha cherehani yake, alichokipenda ni ndege ndogo ya rimoti iliyoundwa na marehemu mumewe kwa mbao nyepesi. Majirani walisema mjane gani huyu anachezea midoli. Aliwapa kisogo.

Mumewe alimwachia somo moja: betri isiyobebeshwa mzigo haisemi kweli. Ukiipima imetulia, mita itakuonyesha volti za kupendeza. Chezesha rimoti, mkia na mabawa vitikisike huku unapima, ndipo utaijua. Betri iliyochoka volti zake huporomoka hapo hapo, na risiva, kijisanduku cha ndani kinachoisikiliza rimoti, huzimika. Ndege inakuwa kiziwi angani.

Betri mpya aliinunua mwenyewe, akaifunga uzi mwekundu, mazoea ya fundi nguo. Kuichaji alimwachia shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye mrushaji mwenye chaja nzuri. Asubuhi ile uwanjani akakuta shemeji ameshaiweka betri ndani ya ndege na kufunga kifuniko. Akatoa mita. Shemeji akacheka, akamwuliza kama siku hizi hamwamini hata ndugu wa mumewe. Mshonaji akaona haya, akairudisha mita kwenye mkoba. Kuna haya nyingine ni ujinga mtupu, lakini nani hajawahi kushikwa nazo?

Ndege ikapaa vizuri. Kwenye kona ya pili akavuta rimoti, isimsikie. Ikainamisha pua, ikajibamiza ukingoni mwa uwanja. Bawa lilikuwa limekatika pale pale penye saini ya penseli ya mumewe. Betri iliyochomoka ilikuwa imevimba, na haikuwa na uzi.

Shemeji alikuwa akimpa pole, akisema mbao zimezeeka. Mshonaji alikwenda hadi kwenye ndege ya shemeji iliyokuwa ikisubiri zamu yake, akafungua kifuniko cha tumboni. Uzi mwekundu ulikuwa humo, na fundo lake. Mbao huunganishwa, kilichomuuma ni kile kicheko, yeye akiwa na mita mkononi.

Shemeji akaangalia viatu vyake. "Yangu ilikuwa imechoka, shemeji. Na wewe hurushi mbali, nikaona itakutosha."

"Ungeniomba," akasema mshonaji, "ningekupa."

Akainama, akakata uzi kwa meno kama anayemaliza nguo ya mteja. Uzi akaondoka nao, betri akamwachia.