Mguu Usiolala

Walimwita Taratibu, na hakuna aliyekumbuka ni nani alianza. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha treni kwenye reli nyembamba, pembeni yake msaidizi mnene aliyemsimulia ugomvi wa nyumbani kwake kituo hadi kituo. Kile kichwa cha treni kilikuwa korofi. Kiliyumba, kilinguruma, na kila magurudumu yalipovuka kiungo cha reli, kishindo kilipanda hadi kwenye meno. Nani angelala humo? Hata ukitaka kusinzia, makalio yenyewe yangekukatalia.

Kisha wakamhamishia reli pana. Sikatai, kichwa kipya kilikuwa kitu cha maana: kipana, kizito, kimetulia kama kabati, na mbio zake mara tatu ya kile cha zamani. Reli zilichomelewa zikawa kitu kimoja, kwa hiyo hapakuwa na kishindo. Msaidizi naye hakuhitajika tena. Badala yake sakafuni paliwekwa pedali. Kila dakika kengele ililia, na dereva alitakiwa kukanyaga kuonyesha yuko macho. Asipokanyaga, king'ora kinalia; akizidi kutokanyaga, breki zinajifunga zenyewe.

Mwezi wa nne tangu ahamie, Taratibu alitoka kituo cha pili, akaona kibanda cha mlinzi wa kivuko, na mara akaliona daraja la chuma kwenye kioo cha pembeni, limeshabaki nyuma. Kulivuka hakukumbuka. Jasho lilimtoka. Alipofika mwisho wa safari alikimbilia rekodi ya mashine ya pedali: amekanyaga kila kengele, hakukosa hata moja.

Akajidanganya kuwa ni uchovu tu. Lakini Ijumaa moja mchana alizinduka kwenye kochi, akamkuta mkewe amesimama mbele yake.

"Baba Watoto, unaota nini? Mguu wako unakanyaga, unatulia, unakanyaga tena. Nimeangalia saa ya ukutani, ni dakika kwa dakika."

"Acha utani."

"Nikutanie na mguu? Mwenzio nimeogopa."

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa kazi. "Mkuu, nirudishe reli nyembamba. Huku nalala."

Mkuu alifungua rekodi, akacheka. "Ungekuwa unalala, mashine ingesema. Wewe ndiye dereva wangu bora. Jumatatu unachukua treni ya abiria."

Jumatatu hiyo binti yake naye alikuwa anarudi kwa mumewe, na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Alipita chini ya dirisha la dereva akipunga mkono. "Baba, leo tumo mikononi mwako!" Taratibu alitabasamu, akampungia naye.

Alijiapiza kuendesha amesimama. Akaimba, akajifinya mapaja, akajimwagia maji ya chupa kichwani. Kituo cha pili kikapita. Kisha redio ikaita kutoka chumba cha kuongozea treni: "Hongera, umepita daraja kwa wakati."

Alikuwa ameketi. Hakujua ameketi saa ngapi.

"Nimepita nimelala," alisema. "Nitafutie dereva mwingine."

"Mashine inaonyesha uko macho, mzee. Endelea na safari."

Angeweza kufunga breki mwenyewe, lakini wangemwamuru aondoke tena, maana rekodi ilikuwa safi. Waliyoiamini ni mashine peke yake. Basi iseme mashine. Aliinua mguu wa kulia akangoja. Kengele ikalia, mguu ukakanyaga. Akauinua tena, akiutazama kwa macho yake mawili. Kengele ikalia, mguu ukashuka kabla hajaukataza. Hapo Taratibu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mara ya tatu alikumbatia goti kwa mikono yote miwili, akalivuta hadi kifuani. Kengele. Mguu ukapiga teke, ukapiga tena. King'ora kikalia hadi masikio yakamuuma, kisha breki zikashika, na mabehewa yote yakasimama porini jua likiwa utosini.

Redio ilipiga kelele. "Dereva! Mashine inasema umelala! Uko macho?"

"Sasa hivi, ndiyo," alisema Taratibu. Alikuwa analia. "Leteni mwingine. Siuachii mguu huu mpaka afike."