Anabatizwa Jumamosi kwa Imani Ambayo Mimi Sina Tena

Admin, tafadhali nifiche kabisa, hata jina la kwetu usiliweke, maana watu wa kanisa letu hapa Nyeri tunajuana kama wapangaji wa ploti moja.

Mimi ni msichana wa miaka 22, kwetu ni Magharibi. Ni mmisionari wa Wamormoni. Mmetuona, wale wasichana wawili wa sketi ndefu na kibandiko cha jina kifuani, wanaosalimia kila mtu hadi mlevi. Huku wananiita Sista. Kazi yetu ni mwaka mmoja na nusu wa kuhubiri bila kwenda nyumbani, na sheria ya kwanza ni kwamba hutembei peke yako. Mwenza wangu yuko nami tukila, tukifua, tukisoma. Hata nikimpigia mama simu Jumatatu, yeye ako kwa kiti hapo kando. Mahali pekee ninapokuwa peke yangu ni bafuni, na ndipo ninapoandikia haya, maji nimeyafungulia ili adhani naoga.

Sasa shida yangu ni hii. Siamini tena. Sijakosana na mtu, sijapata mwanamume, msianze hayo. Asubuhi moja nilikuwa naomba, hapo nyumba tunayoishi Ruring'u, nikasikia tu kwamba naongea na chumba. Nikadhani ni uchovu. Nikafunga, nikasoma maandiko mpaka macho yakauma, nikatubu hadi dhambi za darasa la nne. Wapi! Kila asubuhi napiga magoti kando ya mwenza wangu, yeye analia kwa furaha, mimi natazama doa la sakafu. Inauma jamani, kwa sababu Mungu alikuwa rafiki yangu na sijui alienda wapi.

Mtaniambia nirudi nyumbani. Mmisionari akirudi kabla ya wakati, kijiji kizima kinauliza alifanya nini na alifanya na nani. Baba si wa kanisa letu, na alimwambia mama kwamba sitamaliza hata msimu mmoja wa mahindi. Mama naye anaringa na mimi kila Jumapili. Nikimwambia mwenza wangu, atanikumbatia, atafunga kwa ajili yangu, halafu atawaambia viongozi kwa upendo tu. Ni msichana mzuri sana, na hapo ndipo ninapobanwa. Basi nimenyamaza, natabasamu.

Ningevumilia hadi mwisho kama si Mama Shiru (si jina lake). Ni mjane wa watoto wawili, anaishi kwa shamba la kahawa la mama mkwe wake, ukipita Ruring'u mbele kidogo. Nilimfundisha mimi, wakati bado nina imani, na nilifundisha vizuri, sijidai. Sisi hatunywi chai wala kahawa, na nyinyi mnajua huku kukataa chai ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Sisi wageni tumezoea kuomba uji ama maji ya moto, watu wanatucheka, inaisha. Mama Shiru nilimwambia asinywe. Jinsi ya kukataa bila kuumiza mtu, hiyo sikumfundisha.

Siku moja shosho, huyo mama mkwe, alimletea birika la chai kama ambavyo amefanya tangu mwanawe afariki. Mama Shiru akasukuma kikombe mbele ya majirani, akasema Mungu amemkataza. Shosho alibeba birika lake akaenda bila kuaga. Kesho yake akatuma neno kwamba akiingia kwa hayo maji ya Wamormoni, afunge virago arudi kwao Endarasha. Na huko Endarasha ndugu zake walishagawana shamba lote, hakuna hata pa kuweka kitanda.

Tulipoenda kumwona, mwenza wangu akamwambia Bwana atafungua mlango. Mama Shiru hakumwangalia. Aliniangalia mimi, mikono imejaa udongo, akasema polepole:

"Sista, mimi sijasoma hiyo kitabu yenu yote. Niliamini juu ya vile niliona wewe unaamini. Hii shamba ndiyo niko nayo peke yake. Sasa niambie wewe, si mwenzako. Unajua hii kitu ni ya ukweli?"

Hilo neno "najua" tunalisema kuliko tunavyosema habari yako. Mwenza wangu akarukia, akasema sisi wote tunajua kwa moyo wote. Nikainamisha kichwa. Mama Shiru akadhani naomba. Akapangusa mikono kwa leso, akanishika.

"Basi sawa," akasema. "Jumamosi naingia."

Juzi nilijifanya nimesahau mwavuli kwake ili nipate hata dakika moja naye. Mwenza wangu akarudi nami hadi mlangoni, anaimba. Nikimwambia Mama Shiru ukweli, huenda namnyang'anya imani ambayo sasa ni yake mwenyewe, na mimi ni nani? Halafu mimi narudishwa kwetu na aibu yangu. Nikinyamaza, watoto wake wanakosa pa kulala kwa sababu ya uso wangu niliouvaa kila siku kama sare ya kazi.

Kesho Ijumaa tunaenda kwake mara ya mwisho kabla ya ubatizo. Mwenza wangu amepanga kila kitu. Yeye atafungua kwa maombi, kisha mimi nitoe ushuhuda, kwa sababu Mama Shiru ameomba anisikie mimi.

Msiniambie niombe, nimeomba. Nyinyi mnaoweza kutembea peke yenu, nisaidieni: atakaponiangalia tena vile, niseme nini?