Aliyesikiliza Majaribio

Kazini walimwita Chipsi, na lawama zote ni za mama mkwe wake. Majirani walimuuliza mama huyo mkwewe anafanya kazi gani, naye akajibu kwa kujiamini, "Anajaribu chipsi." Chipsi mwenyewe alihangaika kueleza kwamba ni chipu, zile kompyuta ndogo kama ukucha zinazokaa ndani ya mashine za kufulia na pampu za maji, lakini watu walikuwa wameshacheka na jina limeshaganda, likamfuata hadi ofisini.

Kazi yenyewe aliipenda kufa. Ofisi yao ilitengeneza kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri ambazo chipu inazielewa. Kila kompaila ilipoguswa, Chipsi aliitegea mitego: alitunga vijiprogramu vyenye hesabu za kuudhi, akaviendesha kwenye simuleta, programu inayojifanya chipu ndani ya kompyuta. Jibu likiwa sawa, ulitoka mstari wa kijani. Likienda kombo, mwekundu.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Herufi zikavaa ukungu, halafu rangi zikafifia hadi zikafanana. Daktari hakumficha: mishipa ya macho ilikuwa inakufa, na haingerudi. Chipsi akarudi kazini kimya kimya, akakuza maandishi, akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Aliyemshangaa alijibiwa, "Nanusa makosa."

Mkewe, muuguzi, hakuona cha kuchekesha.

"Waambie, mume wangu."

"Nikiwaambia wataniweka wapi?"

"Na usipowaambia?"

Akajifanya anatafuta viatu.

Haukupita muda, fundi mmoja wa pampu akapiga simu ofisini. Tangu apokee kompaila mpya, pampu zake hazizimi hata tenki likijaa, na uwani kwa mteja wake kuku wanaelea. Dada aliyeandika kompaila hiyo, mwenye ulimi kama wembe, akarudia majaribio yote palepale. Mstari mmoja ukatoka mwekundu: hesabu ya kutoa, pale jibu linaposhuka chini ya sifuri. Akafungua matokeo ya zamani. Hata siku Chipsi alipoijaribu ulikuwa mwekundu.

"Chipsi, hili ulilipitisha wewe. Hukuliona?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Chipsi, kwamba mstari mmoja hupotea kirahisi kati ya mamia.

"Sikuliona, dada," akasema. "Rangi sizioni tena. Hata wewe hapo ulipo nakuona kivuli."

Akapapasa mlango, akatoka, akakaa kwenye ngazi.

Meneja, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akamfuata na kuketi kando yake.

"Nimekasirika, sikufichi. Ungesema mapema, yule mteja asingefurikiwa."

"Najua, mama."

"Haya, sasa unataka nini?"

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, si kuulizwa. Ikabidi afikiri.

"Nataka kazi yangu. Kusoma rangi anaweza mtu yeyote. Kuitega kompaila ndiyo kazi yangu, na hiyo naifanya kichwani."

Meneja hakuahidi kitu. Akamwambia kwanza aingie ndani ampigie fundi wa pampu mwenyewe. Alipiga, akatukanwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi.

Dada wa ulimi mkali ndiye aliyeandika programu ya kumsomea matokeo kwa sauti. "Ukinisumbua niirekebishe, tutagombana," alisema, kisha akairekebisha karibu kila wiki bila kuombwa.

Haikuwa rahisi. Sauti ile ya mashine ilimtoboa masikio, kazi ikaenda kwa mwendo wa konokono, na nyumbani alimfokea mkewe kwa sababu tu kikombe kilisogezwa. Mkewe akamwacha amalize, kisha akamkabidhi kikombe mkononi.

Leo ameshazoea. Majaribio yakiendelea huegemea kiti, macho kayafumba, vidole vikigonga meza taratibu. Sauti ikitamka "imefeli," huinua mkono, na dada yuleyule wa ulimi mkali, meza ya pili, huguna kabla hata hajaulizwa.

"Lete," husema. "Nimevunja nini tena?"